Walimu wa Kisomo

Walimu wengi wa kisomo, yaani madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, nchini Tanzania hawakuwa walimu kwa taaluma: walikuwa wahitimu wa shule za msingi, makarani na wakulima waliojitolea, wakifundisha alasiri baada ya kazi za shamba. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu vya kisomo vilihusu kazi ya msomaji mwenyewe. Kwenye kanda ya pamba, herufi zilifundishwa kwa habari za pamba, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote. Mnamo 1973 kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya ikaunganisha redio, kijitabu na vikundi vya majadiliano. Kwa kisomo, mkulima aliyezoea kutia dole gumba sasa aliisoma stakabadhi ya mauzo yake na, hesabu isipokubali, akamhoji karani.