Milimita 32: Jinsi Tope la Gazi Lilivyopimwa Likizama

Fundi wa pwani akiagiza miti ya kuezekea, hutaja unene kwa jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina lina bei yake, na yote ni ya sehemu ya mkoko inayobebwa begani. Mizizi haina jina sokoni. Utafiti uliofanywa katika ghuba ya Gazi na kuchapishwa mwaka 2014 katika jarida la PLoS ONE uliuliza habari za sehemu hiyo isiyo na bei. Mkoko ukishachukuliwa, tope linalobaki linafanya nini? Aliyeuongoza ni Joseph Lang'at, akiwa pamoja na James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, na wengine.

Ukitoka Matuga kwa barabara ya Lunga Lunga, ukapita Tiwi na Ukunda, Gazi utaikuta kabla ya kufika Msambweni. Ni ghuba yenye zaidi ya hekta 600 za mikoko, inayopokea maji ya mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji. Miaka ya 1970 sehemu za msitu huu zilikatwa ovyo kwa ajili ya kuni za viwandani, na baadhi ya fukwe zikabaki uchi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipanda upya pamoja na wanakijiji. Kwa hiyo wakataji na wapandaji wote wanafahamika hapa, na swali la Lang'at halikutoka mbali.

Kupima kama ardhi inapanda au inashuka kwa milimita, mahali ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, ni kazi ngumu. Ukichomeka fimbo kwenye tope, fimbo yenyewe huzama pamoja na tope, nawe utaamini kwamba hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana kifaa kinachotumiwa kwa kazi hii huanza kwa kugongelea chini vyuma visivyoshika kutu, kimoja juu ya kingine, hadi vigome kabisa. Kichwa cha chuma hushikizwa kwa zege. Siku ya kupima, mkono wa kifaa hufungwa juu ya kichwa hicho na kulazwa sawasawa, kisha pini tisa hushushwa taratibu mpaka ziguse uso wa tope. Mkono hugeuzwa pande nne, hivyo kila kituo hutoa vipimo 36. Mpimaji husimama juu ya mbao, kwa kuwa unyayo mmoja unatosha kuharibu kazi ya mwaka mzima. Vyuma vimeshika chini kabisa na havisogei. Kinachosogea ni tope, na pini ndizo zinazotoa habari zake.

Vilichaguliwa vipande vitano vya kukatwa katika msitu wa mkoko, ule ambao wanasayansi huuita Rhizophora mucronata, na vingine vitano vya kulinganishia katika eneo lilelile. Hapa ndipo ninapoupa utafiti huu heshima yake. Mvua ikinyesha bara, mito huleta udongo; bamvua likija, udongo huhama. Kama wangepima vipande vilivyokatwa peke yake, mtu angeweza kusema kwamba ghuba nzima ilikuwa ikishuka mwaka huo. Vipande vya kulinganishia vilipata mvua ileile na maji yaleyale. Tofauti iliyobaki ni ya miti.

Miti haikuangushwa mara moja. Kwanza magome yalichubuliwa kuzunguka shina, kisha baadaye miti ikakatwa. Kuchubua gome hukata njia ya chakula kitokacho kwenye majani kwenda mizizini, na mizizi hufa njaa huku shina likiwa bado limesimama. Tukumbuke pia kwamba mkoko haufanani na mchu, aina nyingine ya miti ya mikoko. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko mkubwa hauchipui. Kwa mkoko, shoka likishapita, mizizi ya chini imeandikiwa kufa.

Matokeo yalikuwa haya. Vipande vilivyoachwa vilipanda kwa wastani wa milimita 4.2 kwa mwaka, na vile vilivyokatwa vilishuka kwa milimita 32.1 kwa mwaka. Ukijumlisha pande zote mbili, pengo ni milimita 36.3. Katika hekta moja, milimita moja ya tope ni mita 10 za ujazo. Pengo hilo basi ni mita 363 za ujazo kwa hekta kwa mwaka mmoja. Na bahari za dunia, kwa wastani, zinapanda zaidi ya milimita 3 kila mwaka. Msitu uliosimama ulikuwa ukienda sambamba na bahari. Uliokatwa ulikuwa ukizama chini yake.

Ardhi ilikwenda wapi? Watafiti wanaeleza kwamba huenda mizizi iliyokufa ilibomoka na kuoza, na tope likashikana. Kipimo cha uzito wake kwa ujazo kiliongezeka. Hewa ya ukaa na methani zinazotoka kwenye tope ziliongezeka pia. Kwa hiyo sehemu ya mshuko ule ni tope lililojibana tu, na sehemu nyingine ni ukaa ulioondoka kabisa.

Hapo walikadiria hasara ya ukaa kwa njia mbili, na msomaji asizichanganye. Njia ya kwanza ilitumia hewa iliyopimwa ikitoka juu ya tope: tani 25.3 za hewa ya ukaa kwa hekta kwa mwaka, kukiwa na kiasi cha kukosea cha tani 7.4. Njia ya pili ilitumia mshuko wa ardhi na sifa za tope: tani 35.9, ambapo kiasi cha kukosea ni tani 76.9. Kosa limezidi jibu zaidi ya mara mbili. Waandishi hawakulificha, nami nawashukuru kwa hilo, ila atakayeinukuu tani 35.9 peke yake jukwaani au katika ombi la fedha atakuwa anawadanganya watu. Namba ya kushika ni ile ya kwanza.

Nina angalizo jingine. Mkataji wa kijijini mara nyingi huchagua: hapa pau, pale boriti, na mti wa jirani unaachwa. Katika jaribio hili miti ya kila kipande iliondolewa. Basi milimita 32 zinahusu pengo lililofyekwa, hata liwe dogo, na hazimhusu moja kwa moja anayechukua mti mmoja mmoja kwa nafasi. Waandishi wenyewe wanasema hasara huenda isiwe ya kudumu, ikiwa mahali palipokatwa pataota upya.

Hesabu hizi zina uzito Gazi, kwa sababu hapo ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza hati za ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yake kusaidia maji na shule za Gazi na Makongeni. Mradi kama huo husimama au huanguka kwa uaminifu wa kipimo.

Kwenye mdomo wa mto Mwachema, mpakani mwa Tiwi na Diani, karibu na msikiti wa kale wa Kongo, nako kuna mikoko, na hoteli na nyumba zinakaribia. Nawaomba wanaotoa vibali vya kukata au kujenga pale wadai kwanza vyuma vigongwe na tope lipimwe, miti ingali imesimama. Likishashuka, hakutakuwa na cha kulinganishia.