Vumi Chini ya Unyayo

Sikinde, kabla ya kuwa jina la mtindo wa bendi, lilikuwa jina la ngoma. Wazaramo walikuwa wakiicheza muda mrefu kabla ya mwaka 1978, ilipoundwa Mlimani Park Orchestra jijini Dar es Salaam ikajitwalia jina hilo pamoja na nasaba yake, "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani. Mmoja wa waimbaji na viongozi wake wakubwa, Muhiddin Maalim Gurumo, alikuwa mtoto wa Masaki, wilayani Kisarawe, na huko huko alizikwa mwezi wa Aprili 2014. Kwa hiyo anayetaka kujua mlio wa gitaa la besi katika muziki wetu wa dansi ulitoka wapi, hana haja ya kuanzia Marekani kwa Leo Fender na besi yake ya mwaka 1951. Fender alitoa ubao na sumaku. Namna ya kusema ilitoka kwenye gogo na ngozi.

Katika ngoma za Mrima, chapuo husema sana na vumi husema kidogo. Msondo, ile ngoma ndefu ambayo wasomaji wa visiwani waliizoea mikononi mwa Bi Kidude hadi alipofariki mwaka 2013, huwa na madaraka yake mbali, khasa katika unyago. Lakini vumi ndilo linaloshika ardhi. Mkono ukipiga ngozi na kuondoka, ngozi huvuma; ukipiga na kubaki juu yake, ngozi hunyamaza. Baina ya mapigo hayo mawili kuna lugha nzima. Pigo la kuachiwa na pigo la kuzuiwa si sauti kubwa na sauti ndogo tu; ni kama irabu na konsonanti, na mchezaji anayejua ngoma hutia mguu chini pale vumi lilipozuiliwa, si pale lilipopigwa.

Besi ya Sikinde, kama inavyosikika katika rekodi zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1980, ilirithi adabu hiyo. Ni fupi, kavu, ya mviringo. Haijazi kila pengo. Gitaa la solo na la ridhimu hupita katikati yake kama watu wanaopishana kwenye kichochoro, hakuna anayemsukuma mwenziwe. Mpenzi wa mashairi ataitambua haraka: ni kituo baina ya ukwapi na utao. Mstari wa mizani kumi na sita usiokuwa na kituo hicho bado una mizani kumi na sita, lakini mghani atakosa pumzi na msikilizaji atakosa kina cha kati.

Sasa kuna jambo moja ambalo wanaosifu zama hizo aghalabu hulipita. Mlio ule haukuwa mali ya aliyeupiga. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Gitaa, amplifaya na spika zilikuwa za mwajiri. Gurumo na Abel Baltazar walipohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, mwimbaji aliondoka na koo lake. Mpiga besi anayehama katika mfumo ule aliondoka na vidole tu, sauti yake akaiacha kwa mtunza stoo.

Hapo ndipo penye uzito wa kisanduku kidogo ambacho wapigaji wa leo wanakiita pedali, chombo cha tarakimu chenye efekti nyingi kwa pamoja, kinachowekwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu. Mpiga besi wa ukanda wa Kibaha, anayepiga harusi Mlandizi juma hili na kwaya Maili Moja juma lijalo, hukuta vyombo vya kukodi ambavyo hajapata kuviona na huenda asivione tena. Spika moja inakwaruza, nyingine haina chini kabisa. Kisanduku hicho anakibeba mkobani. Kwa mara ya kwanza katika historia ya muziki huu, mpigaji wa kawaida anaweza kwenda kazini na sauti yake mwenyewe. Swali la haki, basi, haliwi kama kisanduku ni kizuri au kibaya. Ni hili: sauti iliyomo ndani ni yake kweli?

Kinavyofanya kazi si siri. Uzi ukitikisika, sumaku za gitaa hugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kisanduku huupima umeme huo mara 44,100 au 48,000 katika kila sekunde, hukiandika kila kipimo kwa tarakimu, hufanya hesabu juu ya tarakimu hizo, kisha huzirudisha kuwa umeme wa kupelekwa kwenye amplifaya. Wako wanaolalamika kwamba mashine humchelewesha mpigaji. Hucheleweshwa kweli, lakini kwa sehemu chache tu kati ya elfu za sekunde. Na kwa kuwa sauti hewani hukata mita 343 kwa sekunde, kuchelewa kwa sehemu tatu za elfu ni sawa na kusimama mita moja mbali na spika. Hakuna ngoma iliyowahi kuharibika kwa hatua moja.

Tatizo liko kwingine. Chombo hiki hununuliwa kikiwa kimejaa tayari. Kampuni kama Zoom na Boss za Japani huviuza visanduku vyao vikiwa na makumi ya sauti zilizopangwa kiwandani, na sauti hizo hutengenezwa kumvutia mtu aliyekaa peke yake dukani, bila ngoma, bila magitaa mengine, bila mwimbaji. Ndiyo maana ni nene, zinang'aa, zina mwangwi na mawimbi, na hazina pengo. Ukiipeleka sauti ya namna hiyo ndani ya bendi ya watu tisa, hukaa kama mgeni mnene kwenye mkeka mwembamba. Mfasiri yeyote anaijua hali hii: kamusi imempa visawe sita, vyote sahihi, na hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye ubeti.

Kinachodhuru kuliko vyote ni kompresa, ingawa ndicho kinachosifiwa kuliko vyote. Kazi yake ni kulishusha pigo kubwa na kuliinua dogo hadi yakaribiane. Kwa kiasi, ni msaada: kompresa ya mbili kwa moja, iliyocheleweshwa kidogo ili ncha ya pigo ipite kwanza, humsaidia mpigaji asipotee nyuma ya tarumbeta. Lakini ikifikishwa nane kwa moja, kila noti hutoka na kimo kimoja. Msikilizaji asiyejua ngoma ataona besi imetulia. Mzee wa Kisarawe ataona vumi limefungwa mdomo, kwani tofauti ya pigo la kuachiwa na la kuzuiwa, ambayo ndiyo lugha yenyewe, imefutwa. Ni mghani anayetamka kila mizani kwa nguvu ileile. Hesabu yake haina kosa, na shairi halisikiki.

Kwa upande mwingine, kisanduku kina fadhila moja ambayo mafundi wa zamani wangeipokea kwa mikono miwili. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo haiwezi kutoa sauti ya chini hivyo. Hata hivyo uzi huohuo hutoa pia mitikisiko ya 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio la binadamu likizipata hizo, hujijazia lenyewe ile ya 41 isiyokuwepo. Wasikilizaji wa Sikinde waliokuwa na redio ndogo za betri waliisikia besi kwa njia hiyo. Nusu yake ilikuwa redioni na nusu vichwani mwao. Sasa, efekti ya mkwaruzo, ikitiwa kidogo sana, huongeza mitikisiko ya juu kama hiyo. Besi ambayo ingezama katika spika ya kukodi huinuka na kusikika, wala haijaongezwa nguvu. Ajabu yake ni kwamba uchafu kidogo ndio unaoifanya besi ieleweke. Walio wepesi wa kudai "sauti safi" wangelifikiri hili kabla ya kusema.

Lipo pia suala la umeme, nalo linahusu pwani yetu yote. Umeme wa Tanzania hugeuka mara 50 kwa sekunde, na Sol ya chini kwenye besi ni 49. Waya ukiwa mbovu, mvumo wa mtambo hukaa karibu kabisa na noti hiyo, na mpigaji anayepiga wimbo wa Sol hujikuta anashindana na jenereta. Hata umeme una vumi lake, ila hilo halijui kunyamaza. Visanduku vingi vina lango la kuzuia kelele: uzi ukitulia, lango hufunga. Wengine hulikaza lango hilo ili wapate ule ufupi wa Sikinde. Ufupi wanaupata, lakini ni ufupi wa mkasi, unaokata mahali palepale kila mara. Kiganja hakikati hivyo. Kiganja huzima noti hii mapema na ile kwa kuchelewa, kwa kadiri wimbo unavyotaka. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown kule Detroit, alitia sponji chini ya kifuniko cha daraja la gitaa na hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi zake bapa. Kipande cha sponji cha kuoshea vyombo kitafanya kazi hiyo Kisarawe kama kilivyofanya Detroit, na kisanduku kipewe kazi nyingine.

Wako watakaosema kwamba mjadala wote huu ni wa bure, kwani mashine na ngoma ya asili haviwezi kukaa pamoja. Uzaramo wenyewe umekwisha kuwajibu. Mchiriku, uliochipuka katika ngoma za Wazaramo waliokaa Dar es Salaam, ulichukua kinanda kidogo cha Casio, kitu cha kuchezea watoto, ukakipitisha katika amplifaya zilizochoka hadi kikalia kwa sauti ambayo kiwanda hakikuikusudia. Jagwa Music walipotoa albamu yao ya Bongo Hotheads nchini Ubelgiji mwaka 2012, wageni waliisikia kama jambo jipya kabisa. Wenyeji waliisikia ngoma. Visiwani nako, kidumbak hakikungojea besi ya dukani: sanduku la chai, fimbo na uzi mmoja vilitosha, na mpigaji huipandisha na kuishusha sauti kwa kuivuta fimbo. Huyo naye alikuwa akiunda mlio wa chini kwa chombo kilichotengenezwa kwa shughuli nyingine.

Singeli, mtoto wa mchiriku, ni habari tofauti, na haitoshi kuisifu kwa sababu tu ni yetu. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, una mbio zinazopita mapigo 200 kwa dakika. Ni kazi ya ujasiri. Lakini katika mbio hizo vumi halina pa kunyamazia. Chapuo limeshinda kesi. Kijana wa Kibaha anayetoka kwenye singeli na kushika besi huja na sikio lililozoea ujazo, na kisanduku chenye sauti zisizo na pengo humthibitishia mazoea yake. Ndiyo sababu uchaguzi wa sauti si urembo. Ni namna ya kuamua kipi kitabaki kusikika.

Skrini ya kisanduku aghalabu humwonyesha mpigaji majina ya Kiingereza, mengine yakiashiria amplifaya za Kimarekani ambazo wengi hawajapata kuzigusa. Lakini sauti hubadilishika na jina huandikika upya. Anayetaka vumi aanze kwa kuondoa: aondoe mwangwi, aondoe mawimbi, apunguze kompresa, apunguze kile king'ao cha juu, aache mkwaruzo mdogo tu, kisha aende kwenye ngoma yenyewe akalinganishe. Ngoma bado zinapigwa Kisarawe, wala hakuna kiingilio cha kusimama karibu na mpiga vumi na kumtazama mkono.

Atakalogundua huko ni kwamba ngozi haikai na sauti moja usiku kucha. Umande ukiingia, vumi hulegea na kushuka, hadi moto wa makuti uwashwe na ngoma ioteshwe, ndipo ipande tena. Wanaokesha hujua usiku umefika wapi kwa kusikiliza ngozi. Kisanduku, kwa tabia yake, ni kilekile saa mbili usiku na saa kumi alfajiri, na huo ni upungufu ambao hakuna kiwanda kilichowahi kuulalamikia. Nafasi za kuhifadhi sauti zimo nyingi. Si vibaya moja ikatengwa kwa ajili ya saa nane za usiku, iwe nzito na legevu kidogo kuliko nyingine, na nyingine ikafuata mara baada ya moto.