Gome la Kuchukua na Gome la Kuacha

Kazi ya mchimba dawa wa Kimaasai huanza kwa kuacha. Anafika chini ya olkiloriti, mgunga wenye gome jeusi lililojaa nyufa na maua ya manjano ya mviringo, anauzunguka polepole, anaupapasa shina, kisha anaondoka bila kukata chochote. Anaenda kwa wa pili. Katika nyika za Kajiado, ukiipita Isinya ukielekea Bissil, nilimfuata mama mmoja anayeifanya kazi hii, nikamwuliza, "Yeyo, mbona huu tumeupita?" Akanionyesha kovu la zamani ambalo kingo zake zilikuwa zimeanza kufumba. "Bado unajiponya," akasema, akaendelea na safari.

Mti uliomfaa aliukwangua kwanza kwa ncha ya kisu. Chini ya ganda kavu, lisilo na kazi kwake, likatokea gome la ndani, jekundu na lenye unyevunyevu. Akamega kipande kidogo akakitafuna. Olkiloriti hukausha ulimi na kuvuta mashavu kwa ndani. Hiyo ni tanini, kemikali ileile inayotumika kusindika ngozi za wanyama, na kadiri gome linavyozidi kukaza mdomo ndivyo tanini ilivyo nyingi. Aliporidhika akakata ukanda mwembamba kufuata urefu wa shina, upande mmoja tu.

Ukanda ule ndio unaonifanya niiheshimu kazi hii. Chakula cha mti hutengenezwa majanini na kushuka mizizini kupitia gome la ndani. Ukilivua kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Ukitoa ukanda mmoja, mti utaishi na kidonda utakifunika wenyewe. Mizizi nayo ina adabu yake: huchukuliwa mzizi wa pembeni, mzizi mkuu hauguswi, na udongo hurudishwa mahali pake. Mama huyu hakusomea biolojia ya mimea, lakini kila pigo la kisu chake linaifuata.

Dawa haziishii kwa olkiloriti. Kuna olkonyil, ambao mizizi yake huchemshwa kwenye supu. Kuna oloisuki, jamaa ya mjafari wa watu wa Pwani, wenye vinundu vya miiba kwenye shina. Kuna osokonoi wa misitu ya nyanda za juu, ambao Wakikuyu huuita muthiga: gome lake huwasha kama pilipili, na watu hulitafuna kwa kikohozi na maumivu ya meno. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha uchunguzi kuhusu mimea ya chakula na ya dawa ya Wamaasai wa Ilkisonko, kusini mwa Kaunti ya Kajiado. Walifanya vyema kuviweka viwili hivyo pamoja. Kwa Mmaasai, dawa nyingi huingia mwilini kupitia sufuria ya supu, na kule olpul, kambi ya kula nyama porini, mtu hanywi mchuzi mtupu. Wala si kila mara mzizi mmoja huchemshwa peke yake. Anayejua huchanganya, na huujua mchanganyiko wake.

Nataka sasa niisifu kazi ya pili, inayofanyika ndani ya vyumba vyenye taa nyeupe. Nairobi, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wana kituo cha utafiti wa tiba asilia, na maabara za vyuo vikuu vyetu hupima mimea ya namna hii. Njia inayotumika zaidi inahitaji mkono mtulivu. Bakteria huchanganywa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo maalumu. Pamba ya kijiti huchovywa humo na kupakwa juu ya kisahani cha aga, jeli ya kuoteshea bakteria, mara tatu, kisahani kikizungushwa kidogo kila mara, ili pasibaki pengo. Viduara vya karatasi vya milimita 6, vilivyolowekwa dawa ya mmea, huwekwa juu kwa koleo, kimoja kimoja. Kikishagusa aga hakisogezwi tena, kwa sababu dawa imekwisha kuanza kusambaa. Kisahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hivi usiku kucha. Asubuhi bakteria wametanda kama ukungu mweupe, na pale dawa ilipofanya kazi pana duara safi. Duara hilo hupimwa kwa rula, milimita kwa milimita.

Mpimaji mzuri hujiuliza pia swali ambalo wengi huliruka: dawa hii nimeitoaje gomeni? Maabara nyingi huloweka unga wa gome kwenye methanoli, kwa sababu hiyo hutoa kemikali nyingi zaidi. Mama wa Kajiado hutumia maji ya moto. Maji hubeba tanini vizuri, lakini kemikali zenye asili ya mafuta huyakataa. Anayepima methanoli peke yake amepima dawa ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuinywa. Wanaostahili sifa ni wale wanaopima vyote viwili na kuandika tofauti yake.

Vipimo vya namna hii vimeonyesha jambo moja tena na tena: dawa za mimea huwadhuru kwa urahisi zaidi bakteria kama Staphylococcus aureus, wa vidonda na majipu, kuliko E. coli, ambao wana utando wa ziada nje ya ukuta wao. Gome la osokonoi lina hadithi nzuri hapa. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walichapisha habari za kemikali za mti huo zinazowafanya viwavijeshi waache kula. Mojawapo ya kemikali hizo kali huitwa poligodiali, nayo huwasha ulimi. Mwaka 1988 Kubo na mwenzake walionyesha kwamba poligodiali huisaidia dawa nyingine kupenya ndani ya seli za kuvu. Kisha mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani, Frank Stermitz na Kim Lewis wakiwemo, wakagundua kwamba mimea ya jamii ya Berberis hutengeneza dawa ya kuua bakteria pamoja na kemikali ya pili inayoziba pampu ambayo bakteria hutumia kuitapika dawa hiyo. Sisemi kwamba michanganyiko ya Kajiado imethibitishwa hivyo. Nasema inastahili kupimwa ikiwa michanganyiko, kama inavyonywewa, badala ya kuvunjwavunjwa kwanza.

Haja ya dawa mpya ni kubwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua watu milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019. Alexander Fleming alionya kuhusu usugu huu mwaka 1945, siku alipotoa hotuba yake ya tuzo ya Nobel. Kaunti ya wafugaji inaujua kwa njia yake: sindano ya oksitetrasaiklini inanunuliwa agroveti, ng'ombe anadungwa kwa kukisia, na maziwa yanakamuliwa jioni hiyohiyo kabla dawa haijaisha mwilini. Mjini, vidonge vinauzwa viwili viwili bila cheti cha daktari. Kila nusu dozi inawaacha hai bakteria waliozoea.

Lazima niseme wazi kwamba duara kwenye kisahani si mgonjwa aliyepona. Kwenye kisahani dawa hukutana na bakteria ana kwa ana. Ukiinywa, tanini nyingi hunaswa tumboni na hazifiki kwenye damu. Homa kali ya mtoto, kidonda kinachosambaa wekundu, maambukizi ya damu: hayo ni ya hospitali, na ya haraka. Ukifika huko mwambie daktari umekunywa nini, hata kama ni supu tu. Naye daktari asikilize bila kukunja uso, kwa kuwa anayedharauliwa leo kesho atanyamaza, na dawa mbili zitakutana mwilini bila mtu kujua.

Kuhusu ujuzi wenyewe, Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Watafiti wanaoshuka Kajiado na madaftari waifuate: waombe ruhusa, na wakubaliane na jamii kuhusu faida kabla ya kuondoka na gunia la mizizi.

Na wewe unayenunua dawa kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela ambapo nyika inakatwa viwanja mwaka hadi mwaka, litazame gome kabla hujalipa. Ukanda mwembamba umetoka kwenye mti ulioachwa hai. Ganda pana lililozunguka shina zima limeua mti. Usilinunue, na umwambie muuzaji sababu.