Nondo Zinazosubiri Ghorofa

Nyumba yenye paa la zege, nondo zikichomoza juu kusubiri fedha za ghorofa, si ngeni kwa mtu wa Tunduma. Ukiijenga bondeni Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa, zege hilo linapigwa na jua mchana kutwa na usiku vyumba havilaliki. Kulifunika kwa paa la mbao na mabati ni uamuzi mzuri. Kazi ipo kwenye kulishikiza.

Wengi huanza kwa kuuliza kama slabu itabeba mzigo. Mimi ningeanza na upepo, maana kabla ya mvua kubwa hutangulia dhoruba, na paa la wazi hupigwa pande mbili: upepo unasukuma kwa chini huku ukinyonya kwa juu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una nguvu ya kama kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Mabati ya geji 28 pamoja na papi na kenchi zake hayafiki kilo 20 kwa eneo hilohilo. Paa la mita 3 kwa 6 basi huvutwa juu kwa nguvu ya karibu tani moja. Toa uzito wake, zinabaki zaidi ya kilo 600. Kwa nguzo sita, kila moja inang'olewa kwa zaidi ya kilo 100, na za pembeni huumia zaidi.

Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha nguzo, ukifuata nyuzi za mbao, hauzuii nguvu hiyo, unachomoka. Pitisha ukanda wa chuma juu ya boriti, ushuke pande zote mbili za nguzo, kisha upigilie misumari ubavuni. Hapo upepo utalazimika kuikata misumari, si kuichomoa.

Chini, nanga unayo tayari: slabu ya sentimita 15 ina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Unaweza kutoboa na kufunga boliti za kutanuka, mbali na ukingo zege lisipasuke, lakini kila tundu ni njia ya maji. Mimi nazipenda zile nondo. Usizikunje, kwani chuma kinachokunjwa na kunyooshwa huchoka. Zifunge ringi, mimina kiguzo cha zege cha sentimita 15, na uzike ndani yake kiatu cha chuma cha kushikia nguzo ya mbao, inayosimama katikati ya nondo nne bila kugusa slabu. Kiguzo hicho ndicho mwanzo wa nguzo ya ghorofa. Hakikisha nondo ya milimita 12 inabakiwa na angalau sentimita 60 za kuunganishia baadaye, na uipake saruji ya majimaji kuzuia kutu.

Kimwagilie maji siku saba. Mabati yapande baada ya hapo, hata kama mawingu ya Novemba yameshaanza kukusanyika.