Utupu wa Nini? Tahakiki ya Istilahi za Tafakuri ya Kibudha katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili kinavyoweza kubeba fundisho la Kibudha kuhusu nafsi, kwa kusoma hotuba mbili za Kipali: Anattalakkhana na Culasunnata. Hoja yake ni kwamba nomino “utupu” inalipotosha fundisho hilo, ilhali kivumishi “-tupu”, kama kinavyotumika katika lugha ya kila siku, kinalikaribia sana. Hoja hiyo inawahusu wasanifu wa istilahi na pia wanaosimamia huduma za ushauri nasaha.

Utangulizi

Mtafsiri anayekutana na maneno ya Kipali anatta na sunnata huvutwa upesi na kirai “utupu wa nafsi”. Kisarufi hakina kasoro, na udhaifu wake hauonekani mpaka kitamkwe mbele ya watu. “Utupu”, kwa msemaji wa kawaida, ni uchi. Ni sehemu za mwili zinazositiriwa. Anayeambiwa akae, afumbe macho na kuutazama utupu wa nafsi yake ana haki ya kuuliza kama anafundishwa au anatukanwa. “Nafsi” nayo ina mzigo wake. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na kwa Waislamu na Wakristo wa ukanda huu ndiyo itakayohesabiwa matendo yake siku ya mwisho. Kumwambia mtu kwamba hana nafsi, kwa masikio yake, ni kumwambia kwamba hana wa kujibu mbele ya Mungu, au kwamba si mtu kamili. Hotuba zinazojadiliwa hapa hazisemi lolote kati ya hayo.

Mtu anaweza kujibu kwamba Wabudha wa Afrika Mashariki ni wachache: lipo hekalu la Dar es Salaam lenye asili ya wahamiaji wa Kisinhala, na kipo kituo cha Uganda kilichoanzishwa na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mazoezi yaliyochotwa kwa Wabudha yamekwenda mbali kuliko mahekalu yao. Mwaka 1979, katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu ya kupunguza msongo kwa njia ya uzingativu, na tangu hapo mbinu za aina hiyo zimeingia hospitalini, shuleni na katika simu za mkononi. Zinapofasiriwa, istilahi zake husafiri pamoja nazo. Mwaka 2017 Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao walichapisha utafiti uliowahoji watafakari 60 wa Kibudha wa nchi za Magharibi kuhusu matatizo waliyokutana nayo katika tafakuri. Kubadilika kwa hisia ya kuwa “mimi” ni mojawapo ya nyanja 7 ambamo watafiti hao waliyapanga maelezo waliyopewa. Mshauri nasaha atakayepokea mtu wa namna hiyo kwa Kiswahili atahitaji maneno, na neno baya laweza kuzidisha hofu aliyokuja nayo mgonjwa.

Hotuba isiyokana

Anattalakkhana huhesabiwa katika mapokeo kuwa hotuba ya pili ya Buddha, iliyotolewa Isipatana, karibu na Varanasi, kwa wale watano waliokuwa wenzake katika maisha ya kujinyima. Muundo wake ni mkavu na wa kurudiarudia. Mtu anagawanywa katika mafungu matano: umbo, hisi, utambuzi, mielekeo ya hiari, na ufahamu. Kila fungu linapitishwa kwenye kipimo kilekile. Kama umbo lingekuwa nafsi, halingeugua, na mwenyewe angeweza kuliamuru liwe hivi na lisiwe vile. Haliamriki. Ndivyo ilivyo kwa hisi, na kwa mengine yote. Kisha yanafuata maswali: Hili linadumu au linapita? Lipitalo lina raha au lina taabu? Je, inafaa kukiita changu kitu kinachopita na kuumiza?

Hoja hii, basi, ni ya mamlaka. Inauliza ni nani mwenye kauli juu ya mwili na akili, nayo yaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuukataza usingizi usije au mvi zisiote. La muhimu zaidi kwa mhakiki ni kile ambacho hotuba haikifanyi: hakuna mahali inapotangaza kwamba nafsi haipo. Katika hotuba nyingine, mhamaji aitwaye Vacchagotta anauliza waziwazi kama nafsi ipo, kisha kama haipo, na mara zote mbili Buddha ananyamaza. Baadaye anamweleza Ananda kwamba kukubali kungemweka upande wa wanaoamini nafsi ya milele, kukana kungemweka upande wa wanaoamini kuangamia kabisa, na Vacchagotta, aliyekwisha kuchanganyikiwa, angezidi kuchanganyikiwa. Mtafsiri anayeandika “hakuna nafsi” anatoa jibu ambalo mwenye hotuba alilizuia kwa makusudi.

Wali mtupu

Culasunnata, hotuba ya 121 katika mkusanyiko wa Majjhima, inaanza na jengo. Buddha anakaa katika jumba la Mama wa Migara, nje ya mji wa Savatthi, naye anasema jumba hilo ni tupu: halina tembo, ng’ombe wala farasi, halina dhahabu wala fedha, halina mkusanyiko wa wanaume na wanawake. Lakini si tupu kwa upande mmoja, kwa sababu jumuiya ya watawa imo. Kutoka hapo mtafakari anaongozwa hatua kwa hatua. Anaacha kuwazia kijiji na watu, akabaki na msitu. Anaacha msitu, akabaki na ardhi. Anaendelea hivyo hadi hali zisizo na umbo. Katika kila hatua ana kazi mbili: kuona kisichokuwepo, na kukiri kwamba kilichobaki kipo. Hata karibu na kilele, hotuba inakiri kwamba kuna kilichobaki, nacho ni mwili huu wenye uhai na milango yake sita ya fahamu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na utajiri ambao mtafsiri wa haraka huupita. Kivumishi “-tupu” hakisemi tu kwamba kitu hakimo. Mtu akisema amekula wali mtupu, wali ulikuwepo na umeliwa. Kilichokosekana ni mboga. Chai tupu ni chai kweli, ila haina kitafunio. Katika matumizi haya kinachotajwa kinathibitishwa, na kinachozoeleka kuandamana nacho ndicho kinachokanwa. Mantiki hiyo ndiyo ya Culasunnata, na ndiyo ya Anattalakkhana vilevile: hisi ipo, mwenye kuimiliki ndiye hapatikani. “Hisi tupu”, kwa maana hiyo, ni tafsiri bora kuliko “utupu wa hisi”, na “ufahamu mtupu” ni bora kuliko “utupu wa ufahamu”. Kipali chenyewe kinaelekea huko, kwani katika hotuba hizi kitu huwa kitupu kwa kukosa jambo fulani linalotajwa. Swali la kwanza la mtafsiri linapaswa kuwa: tupu bila nini?

Pendekezo hili lina mipaka, na si vyema kuificha. “Mwili mtupu” inaturudisha kwenye uchi. Kwa fungu la kwanza afadhali “umbo tupu”. Tena “-tupu” hutumika kukuza jambo: “uongo mtupu” ni uongo uliokithiri, na mgonjwa akisikia “maumivu matupu” ataelewa kwamba yamezidi, wala hatafikiri kwamba hayana mwenyewe. Kwa maumivu, sarufi ya kitenzi inafaa zaidi. Msemaji wa Kiswahili husema kichwa kinamuuma, usingizi umemchukua, hasira zimempanda, huzuni imemwingia. Mtendaji ni hisia. Mtu ni mahali inapofikia. Mwalimu wa tafakuri anayemtaka mwanafunzi aitazame hasira kama jambo linalokuja na kuondoka atakuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa na lugha. Nusu tu, kwani kile kiambishi “-ni-” katika “zimenipanda” hakiondoki, na bila shaka ndicho ambacho Buddha angekiuliza swali.

Ipo hatari ya upande wa pili, ya kuona mfanano kila mahali. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inausemesha moyo, inauonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu na miili iliyoozea kaburini, na msomaji wa Satipatthana atakumbuka mara moja tafakuri ya maiti iliyotupwa makaburini. Picha zinakaribiana, lakini mwelekeo haufanani. Mshairi wa Pate anauonyesha moyo magofu ili utubu kabla ya hesabu. Anayehojiwa lazima awepo, la sivyo utenzi wote unapoteza sababu. Katika hotuba za Kipali, picha hizo zinatolewa ili dai la umiliki lilegee. Kuzifasiri kwa msamiati mmoja wa “ubatili” au “fanaa” kungezinyima pande zote mbili haki yake.

Kwa wasanifu wa istilahi, yafuatayo yanaweza kujaribiwa. “Utupu” kama nomino iachwe kwa fizikia. Anatta iandikwe kwa kirai, “si nafsi” au “si yangu” kulingana na muktadha, na isigeuzwe kuwa “kutokuwa na ubinafsi”, ambalo ni fundisho la maadili kuhusu uchoyo na ni jambo jingine kabisa. Bhavana, ambayo kwa asili ni kukifanya kitu kiwepo na kikue, haitoshelezwi na “tafakuri”, neno linaloegemea kufikiri. “Ukuzaji” ni zito mdomoni lakini ni sahihi zaidi. Fungu la nne, sankhara, lililoitwa hapa “mielekeo ya hiari”, bado halijapata neno: “matendo ya nia” ni finyu, “maumbile” inamtaja Muumba kimyakimya, na “mazoea” inasahau kwamba sankhara hutengenezwa na pia hutengeneza. Hili linahitaji kikao cha watu wanaojua Kipali pamoja na wazee wa lugha, kabla programu za simu hazijaamua kwa niaba yao.