Nani Aruhusiwa Kubadili Mwisho wa Hadithi?

Kitabu ninachotaka kuwaeleza leo hakikuandikwa na Mwafrika, tena wengine watashangaa kukiona kimetajwa katika kurasa hizi. Kinaitwa The Magic Fish, yaani Samaki wa Ajabu, nacho kilitolewa Marekani mwaka 2020. Mtungaji wake, ambaye ndiye mchoraji pia, ni Trung Le Nguyen, mtoto wa Wavietnam aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi huko Ufilipino. Ni kitabu cha picha. Ndani yake hadithi za kale zasimuliwa upya, na kijana azisomaye ni mvulana ampendaye mvulana mwenzake.

Najua mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa, na ndiyo ninayoyafundisha. Maaskofu wa Afrika nao walisema lao juu ya habari ya baraka mnamo Januari 2024, kwa mkono wa Kardinali Ambongo wa Kinshasa. Lakini Katekisimu ile ile ya mwaka 1992 yatuagiza kuwapokea watu wa namna hii kwa heshima na huruma, na sioni jinsi ya kumpokea mtu ambaye hatutaki hata kusikia hadithi yake. Kwa hiyo mimi nasema habari ya kitabu: je, kimesimuliwa vema?

Kijana huyo anaitwa Tiến. Mama yake, Hiền, alikimbia Vietnam, sasa ashona nguo Marekani. Kivietnam cha mtoto ni kidogo, na Kiingereza cha mama ni kidogo. Jioni mtoto amsomea mama hadithi kutoka vitabu vya maktaba, na kwa njia hiyo wote wawili wajifunza lugha ya kusemezana. Neno moja tu limempotea mtoto. Hajui kwa Kivietnam mama angeitaje hali yake. Hivyo miezi yapita naye ana jambo kifuani asiloweza kulitoa. Mchoraji ametumia rangi tatu: nyekundu kwa mambo ya leo, manjano kwa kumbukumbu za mama, na buluu kwa hadithi zenyewe. Msomaji hapotei hata kidogo. Na michoro ni mizuri sana. Nguo za mabinti wa wafalme zina mikunjo kana kwamba fundi cherehani ndiye aliyeshika kalamu.

Hadithi ya mwisho katika kitabu ni ile ya nguva, ambaye wachoraji wa Lubumbashi wamwita mamba-muntu. Mtunzi wake wa kwanza alikuwa Hans Christian Andersen wa Denmark, mwaka 1837. Wengi wetu twaijua kwa filamu ya Disney ya mwaka 1989 tu, nayo inaishia arusini. Andersen hakuandika arusi. Nguva wake amwokoa mwana wa mfalme baharini, kisha auza sauti yake kwa mchawi ili apate miguu. Ulimi wakatwa, na kila hatua aendayo ni kama kukanyaga visu. Hawezi kumwambia ampendaye kwamba ndiye aliyemwokoa. Mwana wa mfalme aoa mwingine. Dada zake nguva wamletea kisu: amwue kijana naye atarudi baharini salama. Akitupa kisu. Tena kuna jambo ambalo Disney walilifuta kabisa, nalo ndilo linalomgusa katekista: nguva hakumtaka mwana wa mfalme peke yake, alitaka roho isiyokufa. Badala ya kuwa povu tu, awa mmoja wa mabinti wa hewa, na baada ya miaka 300 ya kutenda mema ataweza kuipata.

Wako wataalamu wasemao kwamba Andersen aliandika hayo akiwa na uchungu wake mwenyewe, kwa sababu rafiki yake Edvard Collin, aliyempenda mno, alikuwa ameoa mwaka 1836. Wengine wapinga. Sitaamua ugomvi wao. Lakini ye yote asemaye kwamba hadithi hii ilikuwa safi mpaka watu wa leo walipoitia mapenzi yasiyoweza kutajwa, na aisome tena ile ya Andersen. Kiumbe aliyenyimwa ulimi ampenda mtu asiyeweza kumwambia. Hayo yamo tangu mwaka 1837.

Je, mtu ana ruhusa kubadili mwisho? Mbona watu wamebadili siku zote! Katika kitabu cha Perrault cha mwaka 1697 yule msichana wa kofia nyekundu aliliwa na mbwa mwitu, na basi. Ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, walimleta mwindaji kumpasua mnyama tumbo. Perrault huyo huyo ana hadithi ya paka aliyemtajirisha bwana wake maskini kwa werevu, nao wote wakastarehe. Huku kwetu pwani hadithi ya jamii hiyo hiyo ilikuwa na paa mahali pa paka. Edward Steere aliisikia Unguja akaichapa mwaka 1870: ni habari ya Sultani Darai. Maskini achakuraye jaani anunua paa, paa amtafutia binti wa sultani na nyumba kubwa. Lakini paa augua, na bwana wake amdharau, hata chakula kizuri amnyima, mpaka paa afa. Ndipo yule bwana aamka na kujikuta jaani kama zamani. Wazee wa pwani walitaka deni la paa lilipwe, wasimwachie mtu starehe ya bure.

Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kubadili. Nauliza kama amelipa. Mwaka 2000 ilitoka Uholanzi hadithi ya watoto, King & King katika Kiingereza, ambamo mama malkia ataka mwanawe aoe, mabinti waja mmoja mmoja, naye ampenda kaka ya mmoja wao. Waoana. Hakuna msitu wa kupita, hakuna mchawi, wala siri yenye uzito. Watu wameigombania sana, wengine wakiisifu, wengine wakitaka itolewe mashuleni, na mimi naona haistahili makelele ya upande wo wote, maana watungaji wake wamebadilisha bibi arusi tu. Kasoro yake ni ile ile ya Disney mwaka 1989: arusi isiyogharimu kitu.

Kitabu cha Nguyen si cha namna hiyo. Mama yake Hiền afariki Vietnam, na Hiền asafiri kwenda kumzika. Huko akutana tena na hadithi za utoto wake. Arudipo nyumbani, jambo la mwanawe limekwisha kumfikia. Hana maneno, kama vile mtoto asivyokuwa nayo. Basi aishika hadithi ya nguva, aimaliza mwenyewe, na mwisho wake si ule wa Andersen. Hamhubirii mtoto. Amsimulia tu, na mtoto aelewa kwamba mama amemsikia na kwamba angali mwanawe. Mwisho huu mzuri umelipiwa: umelipiwa kwa bahari aliyovuka mama, kwa kaburi la bibi, kwa miezi ile ya kunyamaza. Nguva alikatwa ulimi. Hapa ulimi umerudishwa, na aliyeurudisha ni mtu ambaye mwenyewe hana lugha. Sijaona wazo bora kuliko hili katika vitabu vya siku hizi vinavyosimulia upya hadithi za kale.

Nchi ya Kenya yatuonyesha upande wa pili. Filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ni habari ya watoto wa nyumba mbili zinazoshindana, kama Romeo na Juliet, ila wote ni wasichana. Ilipigwa marufuku Aprili 2018. Septemba mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilimtaka abadili mwisho, maana ulikuwa na matumaini, nao walitaka majuto. Mtu hawezi kusema kwamba bodi haikujua kusoma hadithi: walikwenda moja kwa moja penye nguvu. Lakini majuto yaliyoagizwa na ofisi hayamfai mtu. Sisi tuketio kuwatayarisha watoto kwa kitubio tungepaswa kulijua hilo kuliko wote.

Kwa nini nayaandika haya kutoka Kanyaruchinya? Kwa sababu mama Hiền si mgeni hapa. Juu ya mawe haya ya Nyiragongo watu walipiga vibanda mwaka 2012, na tena kuanzia mwaka 2022, wakitoka Rutshuru na kwingineko, hata kambi zikavunjwa Februari 2025. Nyanya asimulia kwa Kinyarwanda au Kihunde, mama ajibu nusu kwa Kiswahili, mtoto afundishwa kwa Kifaransa. Mtoto wa hali kama ya Tiến, na wako, angepata wapi neno la kumwambia mama yake? Njiani atasikia tusi. Shuleni atasikia kicheko. Neno la nyumbani halipo, na ambaye hana neno hukaa kimya, ama huondoka nyumbani usiku. Ikiwa hadithi yaweza kumfanya abaki mekoni karibu na mamaye mpaka asubuhi, sitaizuia.

Kitabu kina makosa. Kasisi wa shule azungumza na kijana, na kijana atoka na hofu zaidi. Sisemi kwamba mambo hayo hayatokei. Yatokea, na ukurasa huo wachoma. Lakini kasisi huyo hakupewa uso wa mtu: hatujui aogopa nini, wala kama usiku alilala usingizi. Mchawi wa baharini amechorwa kwa uangalifu kuliko yeye. Na baba wa Tiến yumo kitabuni kama mtu apitaye tu. Arudi kutoka kazini, ala, atoweka. Labda mtungaji alifuata mazoea, maana hata kwetu jioni za hadithi zimeachiwa akina mama na akina nyanya. Hata hivyo, mtoto wake na mkewe walikuwa wakisomeana hadithi chini ya paa lake kila jioni, nami ningalipenda kumsikia, walau mara moja, akiuliza imefikia wapi.