Laana Iliyogeuzwa Kuwa Ajira

Wengi wenu mlioitazama Kalki 2898 AD ilipotoka mwezi wa Juni, 2024, mnalikumbuka lile onyesho la mwanzo, ambapo vita vya Kurukshetra vimekwisha, moshi haujatulia, na Krishna, ambaye uso wake hatuonyeshwi, amemsimamia Ashwatthama aliyekwisha kuielekeza silaha ya Brahma kwa mtoto aliyemo tumboni mwa Uttara. Kito cha kipajini kikaondolewa, laana ikatamkwa, nasi tunaoijua hadithi tukajiweka sawa kuisikia hukumu ambayo hakuna nzito kuishinda katika Mahabharata nzima. Na papo hapo mwongozaji Nag Ashwin akalitenda kosa ambalo muda wote uliobaki, karibu saa tatu, haukuweza kulilipa: alimfanya Krishna, kwa pumzi ile ile ya kulaani, amwonyeshe mkosaji njia ya kujikomboa, kwamba aishi mpaka ukingoni mwa zama, na hapo amlinde mama atakayemzaa mkombozi Kalki.

Kitabu cha 10 cha utenzi ule, Sauptika Parva, hakina huruma ya namna hii. Humo Ashwatthama anahukumiwa kutangatanga miaka 3000 peke yake, bila mwenzi wala mtu wa kusemezana naye, katika nyika zisizo watu, akinuka damu na usaha. Na baada ya maneno hayo hapana ahadi, hapana kazi, hapana siku ya kungojewa. Ama habari ya miaka, kwa hesabu ya jadi ya Wahindi zama za Kali zilianza mwaka 3102 kabla ya Masihi, na ndipo filamu ilipoipata miaka yake 6000 ya kungoja, basi kwa hesabu hiyo hiyo laana ya kitabuni ingekuwa imekwisha kabla ya Masihi kuzaliwa. Lakini madhali masimulizi ya huko yamemfanya mtu huyu kuwa asiyekufa hata leo, sitamshika mwongozaji kwa tarakimu. Namshika kwa ile ahadi.

Tazameni jinsi ahadi ile ilivyokula kila kitu kilichofuata. Mtu aliyelaaniwa hujiuliza kwa nini yu hai, ilhali mtu aliyewekwa zamu hujiuliza saa ngapi imefika. Na Amitabh Bachchan, aliyemwigiza Ashwatthama, tunapomkuta ndani ya hekalu lililofukiwa, ameketi kama mlinzi anayemsubiri mwenye nyumba arudi safarini. Na hili linaniuma zaidi kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa johari: kumleta mtu aliyekusudia kuiua mimba akaja kusimama, baada ya maelfu ya miaka, mbele ya mwanamke mwenye mimba. Lau Krishna angalinyamaza, tungalimwona mzee yule akimtazama Sumathi, mwanamke huyo, bila kujua, yeye wala sisi, mkono wake utafanya nini, na hatua moja ya kumkinga ingalikuwa toba aliyoichuma mwenyewe. Katika filamu hii anamkinga kwa sababu aliagizwa. Mapigano ni mengi na ni ya kishindo, lakini hatukuhofu hata mara moja, kwa kuwa agizo lilikwisha kutolewa kabla ya jina la filamu kuonekana.

Wa zamani walijua kuchukua bila kupunguza. Dharamvir Bharati, alipoandika tamthilia yake Andha Yug katika miaka ya 1950, nchi yake ikiwa bado inavuja damu ya mgawanyiko wa 1947, alimchukua Ashwatthama huyu huyu tangu pale alipouawa babake Drona kwa ukweli nusu wa Yudhishthira, akamwacha awe mnyama aliyejeruhiwa, wala hakumtafutia kazi ya heshima ya kumliwaza mtazamaji. Mani Ratnam naye, katika Thalapathi ya 1991, alikichukua kisa cha Karna bila upinde wala gari la farasi: mtoto ambaye kitabuni alitiwa katika kisanduku akapelekwa na mto, yeye alimweka katika behewa la garimoshi la mizigo, na behewa likaondoka na kilio chake. Mto umegeuka reli, mama amebaki vile vile na aibu yake, na jeraha halikupunguzwa hata kidogo. Hakuhitaji gari linalosema wala mji unaoning'inia angani kama ilivyo katika Kalki, mambo ambayo, kama mlivyonichoka kunisikia, yamekuwa pazia la kufunikia uvivu wa watunzi.

Na Karna je? Tangu Karnan ya 1964, Sivaji Ganesan alipomwigiza, sinema ya kusini imekuwa wakili wake, na machozi yale yalikuwa na haki yake. Lakini kumalizia Kalki kwa kumfichua Bhairava, shujaa wake, kuwa ni Karna aliyerudi, kisha kumwonyesha kama sahibu wa Ashwatthama, ni kuipita hazina mlangoni. Katika kitabu cha Drona, Karna alimtukana Kripa, mjomba wa Ashwatthama, naye Ashwatthama akamwendea na upanga mkononi, mpaka Duryodhana akaingia kati. Hapo palikuwa na chuki ya kale ya kuyatia roho mapigano yote ya wawili hawa, tena bure, imeandikwa. Na katika Sauptika yenyewe yumo yule bundi anayewavamia kunguru waliolala mtini usiku, naye Ashwatthama, aliyekosa usingizi chini ya mti huo, anajifunza kwake namna ya kuwaua maadui wakiwa wamelala. Ndege mmoja, mti mmoja, na mtu anayetazama juu: sijui mtunzi gani angetaka zaidi ya hapo.

Bachchan, akiwa na umri wa miaka 81, aliifanya kazi yake vizuri, na mji wa Kasi umejengwa kwa jicho la fundi.

Filamu ya pili imekwisha kuahidiwa. Kabla haijaja, kitafuteni kitabu cha 10 mkisome. Kina sura 18 tu, na usiku mmoja unatosha.